Mume anarudi mwezi ukijaa, mwili wangu bado haujarudi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 28, naishi huku juu kwenye mawe, Mabatini, hapa Mwanza. Nina watoto wawili. Wa kwanza ni wa kike, ana miaka sita. Wa pili ni wa kiume, ana miezi minne na wiki moja. Naomba usiandike jina langu, mawifi zangu wanasoma sana safu hii.

Mume wangu anavua dagaa. Wewe unajua mambo ya dagaa, Shangazi: wanavuliwa wakati wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, kazi inalala, na yeye anatoka kambini visiwani anakuja nyumbani siku saba, nane. Zamani nikiona mwezi unajaa juu ya ziwa nilikuwa nafurahi. Nafua mashuka, namtafutia sato mzuri. Sasa nikiuona unanenepa tumbo linanikata.

Huyu mtoto alinisumbua kutoka, alikuwa na kilo 3 na gramu 900. Nilichanika, nikashonwa. Aliyenishona aliniambia neno moja tu, "utapona", akaenda kwa mwingine. Tangu siku hiyo nikikohoa, nikicheka au nikiinua kitu, mkojo unanitoka. Maji tunachota bombani chini, halafu unapanda na ndoo kichwani kwenye mawe. Nakunja kipande cha khanga kuukuu najiwekea. Nikifika juu kimelowa. Nikirudia ndoo ya pili nabadilisha kingine. Kamba yangu ya kuanikia imejaa vipande vya khanga, jirani ameshaniuliza kama nina wageni.

Nywele nazo. Wiki iliyopita nilifumua twende kilioni, kitana kikajaa nywele mpaka binti yangu akaniuliza, "Mama, unanyonyoka?" Nilicheka, halafu nikalia, na sikuweza kunyamaza mpaka jioni.

La kulia ndilo linanitisha. Nalia bila sababu, au nakasirika mpaka mikono inatetemeka. Mtoto namwangalia kama wa jirani aliyeachwa kwangu kwa muda. Namnyonyesha kwa sababu analia. Yule wa kwanza nilimpenda siku hiyohiyo. Wiki mbili zilizopita, saa nane usiku, nilimlaza kitandani analia, nikatoka nikakaa kwenye jiwe mlangoni. Nikaangalia taa za mitumbwi kule ziwani, nikawaza: ningelala nisiamke, kesho nisingekuwa na cha kubeba. Sikufanya kitu, Shangazi. Niliogopa, nikarudi ndani nikamnyonyesha. Hili sijamwambia mtu.

Sasa mama mkwe, yuko Sengerema. Mwezi jana kliniki walisema uzito wa mtoto haupandi vizuri, mstari kwenye kadi umelala. Mama alipopiga simu nikamwambia. Akanyamaza, halafu akauliza kama kuna mtu amembemenda mtoto, yaani amemdhoofisha kwa tendo la ndoa au uzinzi wakati bado ananyonya. Hakutaja mtu. Mimi naona ananisema mimi, au anamsema mwanawe huko makambini. Anataka niende kwake mpaka mtoto atembee: anikande kwa maji ya moto, anifunge tumbo, na mtoto aanze uji kwa sababu maziwa yangu ni mepesi. Mume wangu amekubali.

Na mimi nikiri jambo. Hilo la kubemenda nimeligeuza kichaka cha kujificha. Mwezi uliopita aliporudi nilimwambia, mama yako anaogopa tutambemenda mtoto, tulale mbalimbali. Akageukia ukutani. Ukweli ni kwamba naumia, nimekuwa mkavu, sina hamu kabisa, na naogopa mkojo utanitoka mbele yake.

Nina meza ya dagaa Mwaloni, Kirumba. Rafiki yangu ananishikia, lakini naye ana mambo yake, na kikoba wanataka marejesho kila Jumamosi. Nikienda Sengerema meza imekwenda. Nikibaki nitaonekana nimemkataa mkwe. Niende au nibaki? Na mume nimwambie, au nivumilie tu? Mama zetu walizaa kumi na hawakusema.

Mama wa Mawe, Mwanza.

Shangazi anajibu:

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na asante kwa kuandika yote bila kuruka.

Umeniuliza habari ya Sengerema na ya mume, lakini mimi naanzia pale kwenye jiwe, saa nane usiku. Kumlaza mtoto mahali salama ukatoka nje kupumua si ukatili. Ulikuwa umefika mwisho wa nguvu zako, ukafanya jambo la busara. Ila lile wazo la kutoamka usilale nalo peke yako hata usiku mmoja zaidi. Leo, kabla jua halijazama, mwambie mtu mmoja anayeweza kuja akalala kwako. Nadhani ni yule rafiki wa Mwaloni, mtu anayekushikia meza miezi minne si wa kawaida. Kesho asubuhi mwende wote kituo cha afya, useme neno kwa neno kama ulivyoniandikia. Na likikurudia usiku ukaona linakuzidi, au ukaanza kusikia sauti, au ukakosa usingizi kabisa hata mtoto akiwa amelala, msisubiri asubuhi. Chukueni bodaboda mwende hospitali saa hiyohiyo. Sekou Toure na Bugando zote zinapokea usiku.

Nakwambia hivi kwa sababu unachoeleza kina jina na kina tiba. Mama wengi hulia siku ya tatu, ya nne baada ya kuzaa, na katika wiki mbili hali hiyo hupita yenyewe. Yako imefika miezi minne. Machozi, hasira, kujiona hufai, mtoto kuwa kama wa jirani: wataalamu wanaiita sonona baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi kama zetu karibu mama mmoja kati ya watano waliojifungua hupata tatizo la namna hii, na mara nyingi ni sonona. Hebu hesabu akina mama watano mliokaa kwenye benchi la kliniki mkisubiri mizani. Huenda mwingine naye alikuwa anaangalia sakafu kama wewe.

Kwa hiyo sikubaliani nawe unapopima mapenzi yako kwa yale ya mtoto wa kwanza. Safari ile hukuchanika hivi, ulilala, na huenda mumeo alikuwa karibu zaidi. Sonona inafunika mapenzi, haiyaondoi. Mama ambaye hampendi mwanawe hainuki kwenye jiwe saa nane usiku kurudi kumnyonyesha. Kituoni wanaweza kukuuliza maswali 10 mafupi yanayoitwa ya Edinburgh, yanatumika tangu 1987, yote kuhusu siku saba zilizopita. Jibu ukweli, hata lile la mwisho linalouliza kuhusu kujidhuru. Wengine hupona kwa kuzungumza na mshauri na kupata mtu wa kuwasaidia kazi. Wengine huhitaji dawa, na zipo ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia. Daktari ndiye atakayechagua. Waombe pia wapime wingi wa damu. Upungufu wa damu unachosha mpaka mtu anajiona mvivu, na sisi wa kando ya ziwa tuna malaria, tuna kichocho, vyote vinakula damu. Wakitaja kupima tezi ya shingo nayo kubali, maana ikivurugika baada ya uzazi inaweza kuleta uchovu na huzuni kama hii.

Nywele zisikunyime usingizi. Ukiwa na mimba homoni hushikilia nywele zisidondoke kama kawaida yake. Ukishajifungua homoni zinashuka, na zile zote zilizokuwa zimeshikiliwa zinatoka kwa pamoja, mara nyingi kati ya mwezi wa pili na wa nne. Ndipo ulipo sasa. Mtoto akikaribia mwaka kwa kawaida zimejaa tena. Usivute sana kwa kusuka. Na huyo binti yako aliyeuliza kama unanyonyoka, mwambie mama ataota nyingine.

Mkojo nataka tuuzungumze polepole, maana naona ndio umekufungia mlango wa chumbani. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama wavu, imebeba kibofu na mji wa mimba. Mtoto mkubwa akipita inalegea. Ukikohoa au ukiinua ndoo, tumbo linasukuma chini na wavu unashindwa kuzuia. Kuna mazoezi yake. Bana kama mtu anayezuia mkojo na hewa ya tumboni kwa pamoja, hesabu mpaka tano huku unapumua kawaida, achia, pumzika, rudia mara kumi. Fanya hivyo asubuhi, mchana na jioni. Unaweza kufanya umekaa unanyonyesha, hakuna atakayejua. Usifanyie mazoezi chooni ukiwa unakojoa. Jipe miezi mitatu kabla ya kusema hayafai, na uzoee kubana kabla hujakohoa au kuinua kitu.

Lakini mazoezi hayo unayafanya huku unapanda mawe ya Mabatini na ndoo ya lita 20 kichwani, ambayo ni kilo 20. Ni kama kushona wavu huku samaki wamo. Hiyo ndoo ni lazima ipungue, iwe ya lita kumi, au mtu alipwe kidogo akupandishie. Muuguzi akuangalie pia pale uliposhonwa. Mwambie kama unasikia uzito ukeni, kama kitu kinataka kushuka, na kama mkojo unatoka wakati wote hata umelala, bila kukohoa. Huo wa wakati wote unaweza kuwa fistula, tundu kabisa, na hautibiki kwa mazoezi ila mara nyingi kwa upasuaji, ambao Bugando wamewafanyia wanawake wengi. Kwa ulivyoandika sidhani ni huo, ila uliza.

Unasema mama zetu walizaa kumi na hawakusema. Mimi ninao watatu, na kwa huyo wa kwanza nilivuja karibu mwaka mzima bila kumwambia hata mama yangu mzazi. Nilipomwambia, nilikuwa na mimba ya pili, akanitazama akasema, "Na wewe pia?" Kumbe yeye alikuwa hivyo tangu alipomzaa kaka yangu. Walinyamaza wakiumia, mwanangu, tukadhani walikuwa wazima.

Sasa hilo la kubemenda. Ulisikia mama mkwe akiuliza swali, ukalipokea kama shitaka. Inawezekana alikuwa anashitaki. Inawezekana pia ni bibi aliyeambiwa mjukuu haongezeki, naye hana neno jingine la kutaja hofu yake. Tendo la ndoa haliharibu maziwa, na mtoto kutonenepa si dalili kwamba maziwa ya mama ni mepesi. Wazee walikuwa wameona jambo la kweli, ila walilipa sababu yao. Mtoto aliyefuatiwa na mimba mapema kweli alidhoofu. Na baba akileta maradhi kutoka nje, mama anayenyonyesha akaambukizwa virusi vya UKIMWI wakati huo, hatari ya kumfikia mtoto kwenye maziwa ni kubwa. Kwa hiyo sikwambii umcheke mkwe. Nakwambia mpime wote wawili mumeo akirudi, na uliza habari ya uzazi wa mpango. Usitegemee kwamba hujaona siku zako: yai linaweza kupevuka kabla ya damu ya kwanza, na mtoto akianza uji ile kinga ya kunyonyesha inapungua. Vipandikizi, sindano na kitanzi vinafaa kwa anayenyonyesha.

Uji wenyewe ningeusubirisha. Mpaka miezi sita maziwa ya mama yanatosha, na mstari uliolala kwenye kadi ni sababu ya kurudi kliniki wiki hii, si kukoroga uji. Waone anavyonyonya, anashika ziwa vipi, ananyonya mara ngapi usiku na mchana. Mama mwenye sonona anachoka, mtoto anaachiwa ziwa kabla hajashiba, na hapo hakuna aliyebemenda wala kubemendwa.

Kwa mume, sitakuamulia. Wewe ndiye unayemjua. Ila umeandika kwamba aligeukia ukutani, ukaona hasira. Mwanamume aliyetoka wiki tatu kambini, akaambiwa mama yake ndiye anayekataza, angegeuka wapi? Hajui kwamba unaumia. Anachojua ni kwamba hatakiwi, na huenda amesikia pia kwamba anashukiwa. Ukimwambia, yako mawili ya kuogopa: anaweza kulipeleka kwa mama yake, au akaona ni kisingizio. Usipomwambia, atajaza mwenyewe pale ulipoacha wazi, na utazidi kuuogopa mwezi. Si lazima umwambie yote siku moja. Unaweza kuanza na lile jepesi, kwamba pale uliposhonwa panauma na anayenyonyesha hukauka kwa sababu ya homoni. Ukaona amelipokeaje. La mkojo likafuata, hata ikiwa ni mbele ya muuguzi mkienda pamoja. Na mwambie mkiwa mmekaa nje, si kitandani. Mwili wako haudaiwi na mtu eti kwa sababu siku 40 zimepita.

Imebaki Sengerema. Umeweka njia mbili tu, kwenda mpaka mtoto atembee au kukataa. Ukienda, utapata mikono ya kukupokea mtoto usiku na hutapanda mawe na ndoo. Kwa hali yako hilo ni dawa, silidharau. Hospitali ipo pale Sengerema, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 hupotezi tena muda mrefu ukisubiri pantoni, unaweza kurudi mjini kwa kliniki. Lakini utakuwa mbali na rafiki yako, bila shilingi yako mwenyewe, na ukikandwa kwa maji ya moto sana kwenye kidonda unaweza kuungua au kidonda kikafumuka. Kitambaa kikikazwa mno tumboni nacho kinasukuma chini, kulekule unakovuja. Ukibaki, meza yako ipo, ila nani atainuka saa nane?

Je, umewahi kumwomba mama aje yeye? Inawezekana miguu yake haiwezi mawe, au chumba ni kimoja. Je, wiki tatu badala ya mwaka, ukaziita za matibabu? Na kikoba, mara nyingi vina mfuko wa jamii wa uzazi na ugonjwa. Ulishamuuliza katibu kama marejesho yanaweza kusogezwa? Mwajiriwa sheria inampa siku 84 za likizo ya uzazi, na 100 akizaa pacha. Wewe hakuna aliyekupa hata moja, ndiyo maana naona ni haki kabisa kuziomba kwa wenzako. Na meza hiyo usiione kama tamaa ya fedha inayokufanya mama mbaya. Pale Mwaloni ndipo unapocheka na watu, na mtu anayepona anahitaji mahali pa kucheka, hata kama kwa sasa anacheka amebana miguu.

Lolote utakaloamua, lifuate baada ya kituo cha afya, si kabla. Ukiwa na karatasi ya daktari mkononi, kumwambia mkwe "wameniambia nisubiri" ni rahisi kuliko kumwambia "sitaki". Naye, akijua unaumwa, huenda akazungumza kwa sauti ambayo hujawahi kuisikia kwenye simu.

Ukitoka huko niandikie tena. Niambie kadi ya mtoto imesomaje, rafiki yako alilala kwako siku ngapi, na hiyo ndoo sasa anaipandisha nani.

Shangazi yako.